Sikio la nje: namna linavyofanya kazi, na sababu gani halitaki kijiti

Kisha chakula cha jioni, kwenye barza nyingi za Bukavu, Uvira, Goma ao Bunia, mtu anakaa, anainamisha kichwa upande moja na kuingiza kitu ku sikio. Wengine wanatumia kijiti cha kiberiti, wengine kifuniko cha biki, ufunguo, unyoya wa kuku, ao kile kijiti cha pamba ambacho wengi wanaita koton-tiji. Ukimuuliza, atajibu: "Natosha tu uchafu."

Mara nyingi kile anachotosha si uchafu. Na fasi ile anayochokora ina ngozi nyembamba sana, tena mwisho wake kuna ngoma ndogo ambayo kijiti kinaweza kuitoboa kwa sekunde moja. Watu wengi wanaofika kwenye kituo cha afya na kusema "sikio yangu inaziba" ao "sikio ya mutoto inatoka maji" wanaanza na kisa cha namna hii. Kwa hiyo ni vizuri kujua sikio la nje limetengenezwa namna gani, linafanya kazi gani, na linahitaji nini kutoka kwa mwenyewe.

Sikio moja, vyumba vitatu

Sikio la mtu limegawanyika mara tatu. Kuna sikio la nje, sikio la kati na sikio la ndani. Sikio la nje linakamata sauti na kuipeleka mpaka kwenye ngoma ya sikio. Sikio la kati ni chumba kidogo chenye hewa, ndani yake mna mifupa mitatu midogo kuliko yote ya mwili. Hiyo inapokea mtikisiko wa ngoma na kuusukuma mbele. Sikio la ndani lina maji na vinywele vidogo sana ambavyo vinageuza mtikisiko ule kuwa ujumbe wa kwenda ku ubongo. Ndani kule ndiko kunakaa pia chombo cha kulinda usawa wa mwili, ndiyo maana ugonjwa wa sikio unaweza kumletea mtu kizunguzungu.

Sikio la nje lenyewe lina sehemu mbili: ile inayoonekana pembeni ya kichwa, na njia inayoingia ndani. Mwisho wa njia hiyo ni ngoma, ambayo ni mpaka kati ya nje na kati.

Ile inayoonekana

Sehemu inayoonekana si nyama tupu. Ndani yake kuna mfupa laini, wataalamu wanauita gegedu ao kartilaje, ambao unakunjika na kurudi fasi yake. Juu ya huo kuna ngozi nyembamba isiyokuwa na mafuta mengi chini yake. Mfupa laini huu hauna mishipa yake ya damu. Unakula kutoka kwa utando unaoufunika. Hilo jambo ni la maana. Mtu akipigwa ku sikio mpaka damu ikajikusanya kati ya utando na mfupa laini, chakula kinakatika, mfupa laini unakufa, na sikio linabaki limekunjamana maisha yote. Wanamasumbwi na wanamieleka wanalijua vizuri. Uvimbe wa namna hiyo unapaswa kuonwa na munganga mapema, siku zilezile za mwanzo, kusudi damu itolewe.

Ukipitisha kidole ku sikio lako, utakuta ukingo wa nje uliojikunja kama upindo wa nguo. Ndani yake kuna tuta la pili. Katikati kuna shimo kubwa kama bakuli, na mbele ya bakuli, karibu na shavu, kuna kinundu kidogo kigumu ambacho watu wanakisukuma na kidole wakati wanataka kuziba kelele. Chini kabisa kuna ndewe, ile sehemu laini ya kutobolea heleni. Ndewe haina mfupa laini. Ni mafuta na ngozi, ndiyo maana kuitoboa hakuumizi sana na kunapona haraka. Kutoboa kule juu, kwenye mfupa laini, ni jambo lingine: vijidudu vikiingia pale, kidonda kinachelewa kupona na kinaweza kuharibu umbo la sikio.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi, kovu la heleni mara zingine linakua zaidi ya kidonda chenyewe na kuwa uvimbe mgumu ambao unaitwa keloidi. Keloidi si kansa. Lakini kuikata tu bila matibabu mengine kunaweza kuifanya irudi kubwa kuliko mbele. Mtu ambaye kwao kuna watu wenye keloidi afikiri mara mbili mbele ya kutoboa.

Mtoto akizaliwa na sikio dogo

Sikio la nje linaanza kuumbwa mapema, karibu na juma la 6 la mimba. Vinundu sita vidogo vinatokea karibu na shingo ya mtoto aliye tumboni, vinaungana, kisha sikio linapanda polepole mpaka fasi yake. Kazi hiyo ikiharibika kidogo, mtoto anaweza kuzaliwa na tundu dogo mbele ya sikio. Tundu hilo linaonekana kwa watu wengi na kwa kawaida halina shida. Likianza kutoa usaha ao kuvimba, ndipo linahitaji matibabu.

Mara chache mtoto anazaliwa na sikio dogo sana, ao bila sikio upande moja, na njia ya ndani imefungwa. Katika familia zingine mama anatupiwa maneno: ati ni ulozi, ati alicheka kilema. Si vile. Ni kuumbwa ambako hakukumalizika. Na mara nyingi sikio la ndani la mtoto huyo ni zima. Sauti tu haina njia ya kuingia. Kuna vyombo ambavyo vinapitisha sauti kwa mfupa wa kichwa. Mtoto wa namna hiyo apimwe masikio yote mawili mapema, mbele ya kufika umri wa kusema, juu lugha inajengwa kwa kusikia.

Njia ya ndani

Kwa mtu mzima, njia ya sikio ina urefu wa karibu sentimeta 2.5, na upana wake ni kama milimeta 7. Haikunyooka, imepinda kidogo kama herufi S. Hiyo ndiyo sababu munganga anavuta sikio la mtu mzima juu na nyuma kusudi aone ndani. Kwa mtoto mdogo, chini ya miaka 3, analivuta chini na nyuma. Mzazi anayepewa dawa ya matone afanye vilevile, kama sivyo dawa inabaki mlangoni.

Theluthi ya kwanza ya njia, ile ya upande wa nje, imezungukwa na mfupa laini. Ngozi yake ina vinywele na vitezi vinavyotengeneza nta. Theluthi mbili za ndani zimezungukwa na mfupa kamili wa kichwa. Kule ngozi ni nyembamba sana, imeshikamana na mfupa, haina vinywele wala vitezi. Ukigusa kule, maumivu ni makali. Watu wengine wakiguswa ndani ya sikio wanakohoa, juu mshipa wa fahamu unaofika pale ni tawi la mshipa uleule unaokwenda ku koo na kifua.

Mwisho wa njia kuna ngoma ya sikio. Kipimo chake ni karibu milimeta 8 mpaka 10, na unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimeta, karibu sawa na karatasi. Kwa mtu mzima wa afya, munganga akiangalia na taa yake anaona rangi ya kijivu inayong'aa.

Kazi yake ni gani?

Kazi ya kwanza ni kukusanya sauti. Okapi wa pori la Ituri, ambaye katika dunia nzima anaishi Kongo tu kwa asili yake, ana masikio makubwa anayoweza kuyazungusha kutafuta hatua za chui. Mtu naye ana misuli mitatu midogo pembeni ya kila sikio, lakini imebaki dhaifu. Watu wachache tu wanaweza kuchezesha masikio yao. Kwa hiyo mtu anageuza kichwa. Na mzee asiyesikia vizuri anaweka kiganja nyuma ya sikio: anaongeza ukubwa wa bakuli, na kweli anasikia vizuri zaidi.

Kazi ya pili ni kuongeza nguvu ya sauti. Njia ya sikio ni kama chupa iliyo wazi upande moja. Ukipuliza juu ya mdomo wa chupa, inatoa mlio wake wenyewe, na sauti inayofanana na mlio huo inakuwa kubwa ndani yake. Njia ya sikio la mtu inakuza sauti za karibu na herzi 3,000, kwa desibeli 10 mpaka 15. Si bahati tu. Sauti nyembamba kama s, f, t na sh zina nguvu yao kubwa karibu na eneo hilo ao juu yake. Hizo ndizo zinatenganisha "sisi" na "fisi", ao "saa" na "taa". Mtoto asiyezisikia sawasawa anaandika imla vibaya, na kalasi nzima inamwona mjinga kumbe ni sikio.

Kazi ya tatu ni kujua sauti inatoka wapi. Tukutuku ikipiga honi upande wa kuume, sauti inafika sikio la kuume kwanza. Tofauti ya wakati kati ya masikio mawili haifiki hata milisekunde moja, lakini ubongo unaipima. Tena kichwa kinazuia sauti kidogo, kwa hiyo sikio la ngambo linasikia chini. Hivyo mtu anajua kuume na kushoto. Lakini je, mbele na nyuma, juu na chini? Hapo masikio yote mawili yanapata sauti wakati moja. Kazi hiyo inafanywa na yale matuta na mashimo ya sikio la nje. Sauti inayotoka nyuma inagonga mikunjo tofauti na ile inayotoka mbele, inageuka kidogo, na ubongo umejifunza kila mgeuko tangu utoto.

Yeyote anaweza kujaribu nyumbani. Mtu afunge macho, na mwenzake achezeshe funguo mbele, nyuma na juu ya kichwa. Kwa kawaida atanyoosha kidole fasi ya kweli. Kisha akunje masikio yake kwa vidole na waanze tena: atakosa mara nyingi. Na yule ambaye sikio moja limeziba kabisa, hata kuume na kushoto vinamchanganya. Kuvuka barabara yenye matukutuku kunakuwa hatari kwake.

Kazi ya nne ni kulinda. Mpindo wa njia, vinywele na nta vinazuia vumbi, wadudu na maji visifike kwenye ngoma.

Nta si uchafu

Nta ya sikio ni mchanganyiko wa mafuta ya vitezi na ngozi iliyokufa. Ina asidi kidogo na inazuia vijidudu na uyoga visikomae. Inashika vumbi na inafukuza maji. Kuna nta ya aina mbili, ile yenye kulowana na kunata, na ile kavu kama pumba. Mtu anarithi aina yake kutoka kwa wazazi. Waafrika wengi wana ile ya kunata, na watu wengi wa Asia ya Mashariki wana ile kavu. Hakuna iliyo safi kuliko nyingine.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: sikio linajisafisha lenyewe. Ngozi ya ngoma na ya njia haikai fasi moja. Inatembea polepole kutoka katikati ya ngoma kuja nje, karibu na mwendo wa ukucha unaokua. Inabeba nta na vumbi juu yake. Kutafuna na kusema kunatikisa njia na kusaidia nta itoke. Ikifika mlangoni, inatosha kuipanguza kwa kitambaa wakati wa kuoga.

Koton-tiji inafanya kinyume. Ncha yake inatoa nta kidogo, ile inayoonekana, na nyingine inasukumwa mpaka kule ndani ambako hakuna vitezi na ambako haikupaswa kufika. Kila siku mtu anasukuma tena, mpaka kunakuwa kifuniko kigumu juu ya ngoma. Ndipo anaanza kusema: "Nasikia kama niko mu maji." Na kwa kuwa kijiti kinakwaruza ngozi, inawasha, kwa kuwa inawasha, anachokora tena.

Nta ikiziba kweli, muuguzi anaweza kuilainisha kwa matone kwa siku chache, kisha kuisafisha kwa maji yenye joto la mwili. Maji ya baridi ao ya moto sana yanaamsha sikio la ndani na mtu anapata kizunguzungu kikali. Na maji hayaingizwi kamwe katika sikio ambalo ngoma yake imetoboka. Ndiyo sababu kazi hiyo inaanza na kuangalia ndani kwa taa.

Ajali za kila siku

Watoto wadogo wanaingiza kila kitu: punje ya muhindi, haragi, shanga, karatasi. Mzazi asijaribu kutoa kwa pini ao kibanio. Kitu kinateleza na kwenda mbali zaidi. Kama ni mbegu, asitie maji, juu mbegu inavimba na kuziba kabisa. Kama ni betri ndogo ya saa ao ya mchezo, ni haraka sana: inaweza kuchoma ngozi katika saa chache. Mtoto apelekwe siku ileile.

Mdudu akiingia mzima, kelele na maumivu vinatia mtu wazimu. Kama sikio lile halijawahi kutoa usaha wala kutoboka, mtu analala upande, na matone machache ya mafuta ya kupika yenye uvuguvugu yanaua mdudu. Kisha aende kituo cha afya kumtoa.

Kofi ku sikio ni ajali ambayo watu wazima wanaileta wenyewe. Kiganja kikifunika sikio kwa nguvu, hewa ya ndani ya njia inasukumwa kama pistoni ya pompi, na ngoma inapasuka. Mwalimu ao mzazi anayepiga mtoto pale anaweza kumharibia kusikia kwa sababu ya somo ambalo hakulisikia. Mlipuko wa bomu ao risasi ya karibu unafanya vilevile, na zaidi: unaweza kuumiza pia sikio la ndani. Mtu anayetoka kwenye mlipuko akiwa hasikii, ao damu inatoka ku sikio, asitie dawa wala maji ndani. Aache sikio likavu na apimwe. Matundu mengi ya namna hiyo yanajifunga yenyewe katika majuma ao miezi michache, kama hayakuingiliwa na maji machafu.

Sikio linalowasha, linalouma ukivuta ncha yake ao ukisukuma kile kinundu cha mbele, mara nyingi lina ugonjwa wa njia ya nje. Unawapata sana wanaoogelea ziwani na wanaochokora. Joto na unyevunyevu vinaleta uyoga pia. Dawa ya vijidudu si dawa ya uyoga, kwa hiyo kununua matone yoyote kwenye farmasi bila kuangaliwa kunaweza kuongeza shida.

Sikio linapotoa usaha

Usaha wa mtoto mara nyingi unatoka sikio la kati, kupitia tundu la ngoma. Si "meno yanaota", na si jambo la kungoja. Wengine wanatia mafuta ya mawese, maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo ao mafuta ya taa. Hivyo vyote vinaingia ndani kupitia tundu na kuleta vijidudu vipya ao kuchoma.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi atauliza siku ngapi. Ikiwa ni chini ya siku 14, ni ugonjwa mpya na una matibabu yake. Ikiwa ni siku 14 ao zaidi, umekuwa wa kudumu, na kazi kubwa ni kukausha: kipande cha kitambaa safi cha pamba kinakunjwa kama utambi, kinawekwa mpaka kilowane, kinatolewa, kingine kinawekwa, mpaka sikio likauke, angalau mara 3 kwa siku. Kitambaa hakiachwi ndani. Mama aombe aonyeshwe mara moja kwa macho yake. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni hatari na mtoto anapaswa kufika hospitali bila kuchelewa.

Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba watu milioni 430 hivi wanahitaji msaada kwa sababu ya kupungukiwa na kusikia, na kwamba kwa watoto, karibu 60 kwa 100 ya visa hivyo vingeweza kuepukwa. Tarehe 3 Machi ya kila mwaka ni siku ya kimataifa ya kusikia.

Ya kukumbuka

Jicho lina kope, kinywa kina midomo, lakini sikio halina mlango wa kufunga. Usiku na mchana liko wazi, hata mwenyewe akiwa amelala. Kwa hiyo mwenyewe ndiye anayelilinda: kuondoka karibu na bafle kubwa za sherehe, kuziba masikio karibu na mashine ya kusaga, kupunguza sauti ya ekutere.

Kwa kusafisha, inatosha kuosha nje kwa maji na sabuni, na kupanguza kwa kitambaa. Hakuna kitu kinachoingizwa ndani. Na mtoto anayeitwa mara tatu bila kujibu, ao anayeongeza sauti ya redio kila siku, apelekwe kupimwa masikio mbele ya kugombezwa. Pengine hakatai kusikia. Pengine hasikii.